Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mwanamke huyu alipiga pasi kwa mpangilio usiobadilika: kwanza kola, kisha mabega, kisha mikono, na mwisho kabisa mgongo wa shati. Kama ungemkuta katikati ya mkono wa kushoto ukamwomba akunyooshee leso yako mara moja tu, angekutazama kana kwamba umemtusi, kisha angesema, "Subiri zamu yako." Nyumba aliifagia kuanzia chumba cha nyuma hadi mlangoni, wala hakurudi nyuma hata kama upepo ungemwaga majani sebuleni. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na maisha yake yote aliishi kwa kufungua, kujaribu na kufunga tena. Alizoea kuwaambia wageni, "Mke wangu huyu hata kikombe cha maji hukichorea ramani kwanza."

Kazini nako walimwita Bibi Ramani, na jina hilo lilikuwa na sababu. Kabla hajaingia kwenye mambo ya kompyuta alikuwa mchoraji katika ofisi ya ramani za majengo, akiketi juu ya stuli ndefu, rula mkononi na penseli nyuma ya sikio. Kazi za ujenzi zilipopungua alisoma masomo ya jioni, akapata nafasi katika kampuni ndogo iliyotengeneza mifumo ya kompyuta ya maofisini. Kampuni hiyo ilikuwa juu ya duka la magodoro, na siku za joto harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi. Alianza kwa kuchora skrini, akapanda hadi kuwa msimamizi wa miradi. Rula aliiacha. Penseli ilibaki nyuma ya sikio, ingawa kwa miaka mingi haikuwa na kazi.

Imani yake aliiita njia ya ngazi. Kwanza unamsikiliza mteja mpaka aishiwe maneno, unaandika yote, naye anasoma na kutia sahihi. Ndipo unauchora mfumo mzima. Ndipo waandishi wa programu wanaandika, wapimaji wanajaribu, na siku ya mwisho unakabidhi. Hukanyagi ngazi ya tatu wakati ya pili ina ufa.

Aliyempinga zaidi alikuwa kijana mmoja mwandishi wa programu waliyemwita Chapuchapu, kwa sababu alikula akiwa amesimama na kuzungumza kana kwamba maneno yake yanakimbizwa. Yeye alipenda njia ya mizunguko: tengeneza kipande kidogo, mpelekee mteja akione, aseme, rekebisha, tengeneza kingine.

"Mama," alikuwa akimwambia, "mteja hajui anachotaka mpaka akione."

"Na akishakiona kila Ijumaa, atataka kingine kila Ijumaa."

"Si ndiyo kazi yetu hiyo?"

"Kazi yetu ni kumaliza, mwanangu. Wewe unataka kuoa bila kuhama kwa wazazi."

Ofisi nzima ilicheka, naye Chapuchapu akacheka zaidi ya wote. Lakini mwaka huo kicheko hakikukaa kwa Bibi Ramani, kwa kuwa mradi wake mkubwa wa mwisho ulikuwa umekwenda mrama. Ulikuwa mfumo wa mabweni ya chuo kimoja. Kila ngazi ilifuatwa, kila karatasi ilitiwa sahihi, na siku ya kukabidhi walipiga picha. Miezi ilipita, naye akapita pale kusalimia. Karani wa mabweni alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamwambia kwa upole, "Mfumo wenu ni mzuri sana, mama. Ila kazi yetu siyo hiyo." Haukuwa umeguswa tangu siku ya picha.

Kwa hiyo Mkurugenzi, mwanamume mpole aliyeongea taratibu hasa anapokuwa na habari mbaya, alipowaita yeye na Chapuchapu ofisini, Bibi Ramani aliketi ukingoni mwa kiti.

"Hospitali imetupa kazi ya chumba chake cha dawa," alisema Mkurugenzi. "Kutoka dirishani mgonjwa anapotoa karatasi ya daktari, hadi dawa inapomfikia. Sasa ninyi wawili kila siku mnavutana, huyu ngazi, huyu mizunguko. Sitaki kuvutana mbele ya wauguzi. Bibi Ramani, wewe ndiye msimamizi. Chagua njia. Ila nisikufiche: huu ukilala kama ule wa mabweni, usimamizi nitampa mtu mwingine, na wewe utarudi kuchora skrini."

Chapuchapu alitazama viatu vyake. Bibi Ramani hakuogopa kuchora skrini. Kazi ile aliipenda. Aliogopa kushuka ngazi zile zile alizozipanda, watu wakimpisha.

"Tutakwenda kwa mizunguko," alisema.

Chapuchapu alimgeukia mdomo wazi, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa haujafungwa.

*

Kazi ilianza kwa raha ya ajabu. Kila baada ya majuma mawili walibeba kipande kipya hadi hospitali: mara skrini ya kupokea mgonjwa, mara skrini ya rafu, mara foleni inayojipanga yenyewe kwa namba. Kompyuta ya majaribio waliiweka kwenye dirisha la pili. Mfamasia Mkuu, mzee nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwakusanya watu wake nusu duara, soda zikafunguliwa, na Chapuchapu akaonyesha.

"Mnaonaje?" Bibi Ramani aliuliza kila mara.

"Nzuri sana," walijibu.

"Kuna cha kubadilisha?"

Walitazamana. Mwishowe dada wa dirisha la pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu uwanjani, alisema, "Labda rangi. Lakini hata hii inapendeza."

Wakabadilisha rangi. Safari iliyofuata walipigiwa makofi.

Njiani kurudi Chapuchapu hakuweza kujizuia. "Umeona, mama? Unaona ngazi zako? Sisi tunaruka kwa lifti."

"Nimeona," alijibu, na kwa kweli alikuwa ameona. Alianza hata kulala vizuri. Mkurugenzi alipomwuliza maendeleo, alimwambia kwamba hajawahi kupata mteja anayeridhika kiasi kile. Tarehe ya kufungua ikapangwa, hospitali ikaanza kuwatangazia wagonjwa.

Basi siku moja ya katikati ya juma, siku isiyokuwa ya maonyesho, ilikuwa zamu yake kumsindikiza mama yake hospitali kuchukua dawa za presha. Mama yake alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkubwa wa maoni. Hakuwahi kusifu kitu bila kukiwekea "lakini". Siku ya harusi ya bintiye alisema bwana harusi ni mtu mwema, lakini anatembea kama anayetafuta sarafu.

Waliketi kwenye benchi mkabala na madirisha ya dawa. Bibi Ramani alikuwa amejifunga mtandio kichwani, hana mkoba wa kazi wala beji, na hakuna aliyemtambua. Alijivuna kidogo rohoni.

"Mama, unaiona ile kompyuta ya dirisha la pili? Ile ni kazi yangu."

Mama yake alikaza macho. "Ipi? Ile iliyovishwa nguo?"

Bibi Ramani akatazama vizuri. Kompyuta yao ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono, chenye maua pembeni, kama kile watu wanachofunikia redio ya sebuleni wasiyotaka watoto waiguse. Juu ya kitambaa kulikuwa na trei ya vidonge.

"Imependeza," mama yake alisema. "Lakini inafanya kazi gani?"

Bibi Ramani alikuwa anasikiliza. Dada wa dirisha la pili alipokea karatasi kutoka kwa mzee mmoja, akaisoma kwa sauti kuelekea nyuma: "Ya presha, ile ndogo, nusu, asubuhi!" Kutoka nyuma ya rafu sauti nyembamba ikarudisha: "Nimeshika ya presha, ile ndogo. Nusu, asubuhi." Ndipo kifurushi kikaja. Mgonjwa wa pili. Wa tatu. Kila mara sauti mbili. Kwa mgonjwa wa nne sauti ya nyuma ikasema, "Nimeshika kubwa," na dada wa dirisha akapaza, "Ndogo, we! Ndogo!" Kukasikika boksi likirudishwa rafuni, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Bibi Ramani aliitazama tena kompyuta ile. Katika mfumo wao hapakuwa na sauti ya pili. Dada wa dirisha angebofya, jina la dawa lingejitokeza kwenye skrini ya rafu, na mwenzake angelifuata kimya kimya. Makosa ya aina ile aliyoyasikia sasa hivi yangepita moja kwa moja hadi mkononi mwa mzee fulani, au mkononi mwa mama yake. Na watu wote wale waliokunywa soda nusu duara walikuwa wanajua.

Zamu yao ilipofika, dada wa dirisha aliinua macho, akamtambua chini ya mtandio. Akageuka haraka kuivua kompyuta kitambaa, trei ya vidonge ikamponyoka.

"Mama Mradi! Hukusema unakuja!"

"Leo nimekuja kama mtoto wa mgonjwa, dada."

"Tunaitunza," dada alisema, akiokota vidonge, uso umemshuka. "Vumbi la huku ni jingi. Siku zenu zikikaribia tunaifungua."

*

Jioni mumewe alileta chai. Alikuwa na kawaida hiyo tangu walipooana: siku mke wake akirudi amenyong'onyea, yeye huacha bisibisi zake, hupika chai na kuileta kwa heshima kama mpishi wa hoteli.

"Vipi?" aliuliza, akimtazama anywe.

"Nzuri," alisema Bibi Ramani. Kisha kikombe kikasimama njiani.

Sukari ilikuwa nyingi mno. Ilikuwa nyingi kila mara. Miaka yote alikunywa nusu, na nusu nyingine aliimwagia ua la kwenye kopo nyuma ya kiti, ua ambalo kila mgeni alishangaa mbona halistawi.

"Fundi," alisema, "chai yako ina sukari nyingi."

"Leo?"

"Siku zote."

"Siku zote tangu lini?"

"Tangu tuoane."

Mumewe aliketi polepole. "Na ulikuwa unasema nzuri."

"Ulikuwa unaileta umeisimamia kama hivyo, unanitazama mdomoni. Ningesemaje?"

"Ungesema 'Fundi, punguza sukari!' Jokofu la watu likivuma nalisikia kutoka mtaa wa pili, sasa wewe unakaa kimya humu ndani nitajuaje?" Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile supu yangu?"

"Supu ni nzuri kweli."

"Sasa nitakuaminije?"

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kicheko kilipokwisha, swali lile lilibaki mezani kati yao, na Bibi Ramani ndiye aliyeliokota. Alifikiri juu ya karatasi za mabweni. Watu wa chuo walitia sahihi kwenye kila ukurasa, na wino wao ulikuwa na ukweli kiasi gani? Walitia sahihi kwa sababu alikuwa amevaa vizuri, amebeba kitabu kizito cha maelezo, na kukataa mbele yake kungekuwa kumwaibisha mgeni. Kwa ngazi alivishwa kilemba cha ukoka mara moja, mwishoni. Kwa mizunguko alikuwa anavishwa kila baada ya majuma mawili. Hapo awali alidhani ametoka kwenye njia mbovu akaingia kwenye nzuri, na sasa hakujua tena tofauti yake ilikuwa nini.

Aliinua mkono kujikuna, ukagusa penseli.

Akakumbuka ofisi ya ramani. Familia ilikuwa ikija kuitazama nyumba yake itakavyokuwa. Ukiwatandikia mchoro wa wino, wenye miti iliyochorwa uani na kigari kidogo mlangoni, walisema, "Maridadi!" Halafu nyumba ikisimama, mama mwenye nyumba analia kwa sababu dirisha la jikoni linatazama choo cha jirani. Lakini ukiwapa mchoro wa penseli kwenye karatasi ya kawaida, mistari inayumba, mama yule yule alikunyang'anya penseli akalikata dirisha kabla hujamweleza lolote. Hakuna aliyewahi kuufuta wino. Na palikuwa na vitu ambavyo hata kwa penseli hukumwachia mtu avichezee: nguzo, unene wa ukuta, mahali pa kupita nyaya za umeme. Hivyo vilikubaliwa kwanza, vikaandikwa kwa wino, na hakuna aliyevigusa mpaka nyumba ikaisha.

Usingizi ulimjia akiwa bado ameishika penseli.

*

"Unasemaje?" Chapuchapu aliuliza asubuhi. Siku hiyo alizungumza polepole, jambo lililoitisha ofisi nzima. "Tuzitupe?"

"Nyingi."

"Mama, skrini zile nimezitengeneza kwa moyo! Umewahi kuona skrini nzuri kama zile?"

"Sijawahi. Ndiyo shida yenyewe. Ni nzuri mno, mwanangu. Nani atazigusa? Nawe uko pale umezisimamia, unawatazama mdomoni."

"Kwa hiyo tunarudi kwenye ngazi zako."

"Kwa kipande kimoja, ndiyo. Kile cha sauti mbili. Mtu wa dirishani aandike alichosoma. Mtu wa rafu, bila kuonyeshwa, aandike alichoshika mkononi. Mfumo ulinganishe, na visipofanana dawa isitoke. Hapo hakuna kujaribu-jaribu na mgonjwa kasimama. Tutaandika kila neno, Mfamasia Mkuu atasoma pamoja na madaktari, tutakijaribu chote humu ndani mpaka kichoshe, ndipo kitoke. Lakini foleni, vitufe, rangi, nani aketi wapi, hivyo tutazunguka navyo mpaka watuchoke. Na hatuanzi na skrini. Tunaanza na hii." Akaiweka penseli mezani.

Chapuchapu aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa jembe. "Sasa nani atamwambia Mkurugenzi?"

Alikwenda mwenyewe. Aliyasema yote akiwa amesimama: kwamba sifa alizoleta hazikuwa sifa, kwamba sehemu kubwa ya kazi itatupwa, kwamba tarehe iliyotangazwa haitafikiwa.

Mkurugenzi alizungusha kalamu yake taratibu mno. "Nilikuambia uchague moja."

"Nilichagua, bosi. Nikachagua kwa kuogopa yaliyonikuta kwenye mabweni. Sikuitazama kazi yenyewe. Kazi hii ina mahali pa kukosea na kurudia, na ina mahali ambapo ukikosea unamzika mtu."

"Na hospitali?"

"Nitakwenda kuwaambia mimi."

"Nakupa mwezi mmoja zaidi. Siku ya mwisho nitakuja mwenyewe kutazama, na sitakwambia saa ngapi. Nikikuta kitambaa, usimamizi utakwenda kwa Chapuchapu."

Nje ya mlango palisikika mtu akibabaika. "Mimi? Bosi, mimi sitaki! Nitaongea na wateja mimi?"

*

Mfamasia Mkuu alisikiliza habari ya kitambaa huku akizipanga upya kalamu zake tatu.

"Kile alikifuma mke wangu," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunakitunza chombo chenu. Na hawa watu wangu, mimi ndiye niliyewaambia wasiwavunje moyo. Vijana wa watu wametoka mbali na mashine zao. Nikasema tukianza kulalamika, hawatarudi."

"Baba, tukiendelea kusifiwa ndipo hatutarudi."

Walikutana katika chumba cha mapumziko, kwenye meza yenye alama za vikombe. Bibi Ramani alitandika karatasi zake: madirisha, rafu, foleni, vyote kwa penseli, mistari inayumba. Mistari hiyo aliichora minyoofu kwanza, kisha akaichora tena kwa mkono tu, bila rula, nayo ilimgharimu zaidi kuliko alivyotarajia.

"Hii ni mbovu," aliwaambia. "Niambieni ubovu wake uko wapi."

Mtu alikohoa.

"Nzuri, Mama Mradi," alisema dada wa dirisha la pili. Lakini safari hii hata yeye alishindwa kuisema kwa nguvu.

Bibi Ramani alimsogezea penseli na kifutio. Dada aliviangalia, akamwangalia Mfamasia Mkuu. Wote wakamwangalia. Pale ndipo mradi wote uliposimama, juu ya kifutio kidogo chenye ncha nyeusi, na Bibi Ramani aliujua uzito wake: kikirudishwa kilivyo, alikuwa amekwisha.

Mzee aliinuka. Akavaa miwani, akakichukua kifutio mwenyewe, akakifuta kitufe kimoja kwenye kona mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Hiki," alisema, "tangu siku ya kwanza sikujua ni cha nini."

Dada wa dirisha aliachia kicheko kilichosikika hadi wodini. "Hata wewe, mzee? Na mimi nilidhani ni ujinga wangu!" Akainyakua penseli. "Sasa nisikilizeni. Hii foleni ya namba, mgonjwa asiyejua kusoma atajuaje namba yake imefika? Mimi huwaita kwa nguo walizovaa. 'Wewe shati la mistari, njoo!'"

"Na huku rafuni mikono yote ina kazi," ilisema ile sauti nyembamba, ambayo ilikuwa ya kijana mmoja mrefu kama nguzo. "Nitabofya kwa pua?"

"Kwa pua yako hiyo utafika mpaka dirishani," alisema dada.

Wakacheka, wakafuta, wakachora, wakanyang'anyana penseli. Kila mstari uliofutwa Chapuchapu alishtuka kama aliyechomwa sindano. Baada ya muda akaacha kushtuka, akaanza kuuliza maswali, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliketi kitako.

*

Siku ya mwisho ya mwezi wa nyongeza, zamu ya dawa za mama ilifika tena. Waliketi benchi lile lile. Kipande cha sauti mbili kilikuwa kimesomwa, kimesainiwa na kujaribiwa ofisini mpaka kila mtu akakiota. Sasa kilikuwa dirishani. Vingine vilikuwa vinabadilika kila siku chache. Bibi Ramani alitazama dirisha la pili kabla hata hajakalisha mwili. Kitambaa hakikuwapo.

Kisha akatazama ukumbi. Mkurugenzi alikuwa amesimama ukutani, nyuma ya foleni, mikono mfukoni.

Wakati huo huo dada wa dirisha aliinua kichwa, akamnyooshea Bibi Ramani kidole.

"Huyo! Huyo ndiye!" Sauti yake ilijaza ukumbi. "Wewe shati la bluu, njoo hapa! Nani alikwambia uweke kitufe cha 'mwingine' karibu na kitufe cha 'subiri'? Kidole changu ni kinene, si cha mtoto mchanga! Tangu asubuhi nawaruka wagonjwa, wananitukana mimi, na wewe umekaa hapo kwenye benchi kama bibi harusi!"

Watu waligeuka. Mkurugenzi alitoa mikono mfukoni.

Mama yake alikuwa ameshasimama. "Weee! Unamsema nani? Huyo ni mwanangu! Mwanangu anasemwa mbele za watu, naye—" alimgeukia bintiye. "Na wewe unacheka?"

Alikuwa anacheka kweli, machozi yanamlengalenga. Mkurugenzi alimfikia.

"Ndiyo hali yenyewe hii?" aliuliza, taratibu kama kawaida yake.

"Ndiyo, bosi. Anautumia."

Mkurugenzi alisimama akisikiliza. Dada wa dirisha alikuwa amerudi kazini akiendelea kunung'unika; alisoma kwa sauti, akaandika, na nyuma ya rafu sauti nyembamba ikarudisha, ikaandika. Skrini ikawaka nyekundu. "Kubwa hiyo, we! Ndogo!" Boksi likarudishwa. Skrini ikawa kijani.

"Mwezi huu wote anakusema hivi?"

"Kila siku. Jana ilikuwa afadhali."

Mkurugenzi alitikisa kichwa, na tabasamu likamponyoka. "Basi nenda ukasemwe. Kesho uje ofisini, kuna mradi wa maktaba. Na usiniambie ngazi wala mizunguko. Niambie utaugawa wapi."

Aliondoka. Bibi Ramani alichukua penseli nyuma ya sikio, akatafuta kipande cha karatasi mkobani, akaanza kuelekea dirishani. Mama yake alimshika mkono.

"Ngoja. Kama unaandika, na mimi nina langu. Benchi hili ni zuri, lakini..."

Akaketi tena kumsikiliza.